Gunia la Mkwe

Watu husema mwenye njaa hana miiko. Aliyeyasema hayo alikuwa ameshiba, amejilaza chali, anachokonoa meno. Huku kwetu Thorjiok, juu ya tuta la udongo linalotutenga na maji, mwenye njaa ndiye mwenye miiko kuliko wote. Mafuriko yalichukua ng'ombe, yakachukua mashamba, yakachukua hata makaburi ya wazee, yakamwachia mtu heshima yake peke yake. Ukimwondolea na hiyo, umembakishia nini?

Nyachuol, ambaye tangu amzae binti yake wote tulimwita Mama Tabitha, alikuwa mtu wa magunia tangu utotoni. Katika vita vya kwanza anavyovikumbuka, ndege zilipita zikaangusha mtama, na yeye akiwa msichana mdogo alikimbia na wenzake kwenda kuokota. Gunia la kwanza kuliona maishani mwake lilimvunjia shangazi yake paa. Mama yake alimwonya: "Ndege ikipita usiitazame umeachama mdomo. Watasema mtoto wa nyumba hii ana njaa." Hivi ndivyo tunavyolelewa. Hata rubani asiyejua jina lako hatakiwi kujua kwamba hujala.

Alikua, akaolewa na mwanamume mpole aliyeitwa Gatdet, naye Gatdet akauawa katika vita vilivyofuata, akamwacha na mtoto mmoja wa kike. Hakurithiwa na shemeji, kwa kuwa shemeji wenyewe walikuwa wamekwisha. Basi lile shirika la misaada lilipokuja na mahema yake na kutafuta mtu anayewajua watu, lilielekezwa kwake. Alimjua kila mmoja, na babu wa kila mmoja, na nani alihama kwa nani. Wakampa kizibao chenye picha ya mikono miwili na viatu vya mpira, wakamkalisha kwenye meza ya mgao. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kununua chumvi, sabuni na tumbaku ya kiko chake. Lakini alikuwa na kazi, na watu walimwita Mama Gunia kwa utani, naye alicheka.

Bosi wake alikuwa mzungu kutoka nchi ya theluji, jina lake Henrik. Sisi tulimwita Gatbel, yaani mwana wa mtama. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya ili nipate wa kumlaumu, lakini hakuwa. Alilala kwenye hema lililovuja kama sisi, aliugua malaria kama sisi, na alizitaja nchi za njaa alizopata kuzifanyia kazi kama mtu anayetaja harusi alizohudhuria. Tatizo lake ni kwamba alikotoka aliibiwa. Karani wake wa huko alikuwa akiinuka mezani mara kwa mara, na kila akiinuka, magunia yanapungua. Kwa hiyo alipofika kwetu alikuja na sheria mbili ambazo hakuzilegeza. Ya kwanza, mkuu wa kaya aje mwenyewe, aweke kidole chake kwenye wino, asitume mtu. Ya pili, mgawaji haondoki mezani mpaka foleni iishe.

Sheria nzuri, ukizisikia. Nyachuol mwenyewe alizisifu. Alikuwa bado hana mkwe.

Mkwe alikuja kiangazi kile cha mwisho kabla ya maji. Aliitwa Koang, kijana mrefu, mchapakazi, mwenye alama zake sita kwenye paji la uso zilizopona vizuri. Alitoa ng'ombe, ng'ombe wakapokelewa, ngoma ikachezwa. Halafu maji yakaja, ng'ombe wakafia kwa waliopewa na kwa waliotoa, na mahari yote ikaelea tumbo juu. Lakini ndoa ni ndoa. Tabitha, kama ilivyo kwetu, alibaki kwa mama yake mpaka azae mtoto wa kwanza, na mumewe akawa anamjia giza likiingia na kuondoka kabla ya jogoo. Mama mkwe hulala upande wa pili, hasikii kitu, hakohoi.

Na mchana? Mchana Koang na Nyachuol walikwepana. Kijana wa ndoa changa hamtazami mama mkwe wake, hasimami mbele yake, hali chakula anapoonekana naye. Kumwonyesha kwamba una njaa ni sawa na kumvulia nguo. Zamani mambo haya yalikuwa mepesi, nchi ilikuwa pana, mtu unakata kona unapita mbali. Sasa wote tumebanana juu ya tuta lisilopitisha ng'ombe watatu sambamba. Mara mbili Koang alionekana amesimama kwenye maji hadi kiunoni, anajifanya anatega samaki, kumbe mkwewe anapita. Watu waliona wakatabasamu. Walimsifu: "Kijana ana adabu huyu. Atakufa kwa kichocho, lakini ana adabu."

Mgao wa kwanza baada ya ndoa, Koang alipanga foleni. Kwao yeye ndiye mkuu wa kaya: baba yake alikuwa amekufa, mama yake haoni, na wadogo zake wawili bado watoto. Nyachuol alimwona akiwa bado mbali, akafanya kinachotakiwa kufanywa. Alijifunika kanga kichwani, akainuka polepole, akaelekea kwenye mtungi wa maji nyuma ya hema. Angekunywa maji mpaka mkwe apite, basi, yamekwisha. Hata mtoto angeelewa.

"Wewe, Mama, unakwenda wapi?" Ilikuwa sauti ya Yien, mtunza ghala, aliyekuwa pia mkalimani wa Gatbel.

"Kunywa maji."

Gatbel alisema maneno yake, na Yien akayageuza: "Anasema maji utaletewa hapo hapo. Anasema unajua sheria."

"Mwambie ni kidogo tu. Nina sababu."

"Sababu gani? Anauliza sababu gani."

Sasa hapo. Nyachuol alikuwa na Kiarabu cha sokoni, Gatbel hakuwa hata na hicho. Neno lolote la kumfikia lilipaswa kupita kwa Yien, na Yien alikuwa na mdomo usio na mlango. Ukimwambia Yien asubuhi, jioni limeshavuka maji. Angesema nini? Kwamba mkwe wangu yuko kwenye foleni, ana njaa, ananiona haya? Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Kulisema lile jambo ndiko kulifanya aibu. Akarudi akaketi, akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Koang alikuwa amebakiza watu watatu. Aliona meza, akaona aliyeketi mezani. Akatoka kwenye foleni akasema kwa sauti kubwa, asimlenge mtu: "Mimi nilikuwa napita tu, jamani. Kwangu samaki wamejaa mpaka mbwa wamekinai. Mtama wa wazungu waachieni wenye shida!"

Watu wakamshangilia. Wengine wakamwonea wivu na samaki wake. Jina lake lilipoitwa, Yien akajibu hayupo, na gunia lake likarudishwa ghalani.

Ukishasema una samaki, lazima uendelee kuwa na samaki. Mgao uliofuata Koang hakutokea kabisa, na watu walipouliza wakajibiwa na wenzao kwamba yule ana nyavu zake, yule hana haja. Samaki wenyewe walikuwa wamehamia kwenye maji ya kina ambako mtumbwi wa Koang, uliopasuka ubavuni, haukufika. Hilo alilijua yeye na nyumba yake.

Nyachuol alilijua kupitia kwa binti yake, ingawa binti hakusema. Mke hatangazi njaa ya mumewe kwa mama yake mzazi. Jioni moja Tabitha alikuwa anapepeta mtama huku tumbo lake la mimba limeanza kumzuia kuinama, akauliza hivi hivi tu:

"Mama, mizizi ya mayungiyungi siku hizi inapatikana upande gani?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu."

"Si tuna mtama?"

"Nimesema nauliza tu, Mama."

Mayungiyungi huliwa na mtu ambaye hana kingine. Nyachuol alivuta kiko chake mpaka kikazima. Kesho yake alitafuta kisingizio cha kupita karibu na kibanda cha mama yake Koang. Aliwaona wale watoto wawili wamekaa mlangoni wanamenya mbegu za mayungiyungi, miguu yao imevimba na kung'aa. Yule mama asiyeona alisikia hatua za mtu zinapita, asijue ni za nani, akapaza sauti kutoka ndani: "Wanangu, acheni hao samaki sasa! Mtapasuka matumbo!"

Watoto walimtazama Nyachuol. Wakazifunika mbegu kwa viganja. Nao walikuwa wamelelewa vizuri.

Alilia njiani, na hakujali nani anamwona. Alipofika kambini alimwendea Gatbel, akamwomba kupitia kwa Yien atolewe mezani, apewe kazi ya kubeba au kufagia, lolote.

"Anauliza umechoka?" Yien alisema.

"Nimechoka."

Gatbel alimshika bega kwa upole. Maneno yake Yien aliyatafsiri huku akitabasamu, maana yalikuwa ya sifa. "Anasema wewe ndiye mtu pekee anayemwamini kwenye ile meza. Anasema bila wewe hapa watu wangeuana. Anakuomba uvumilie mpaka maji yashuke."

Niliwahi kusikia kwamba uaminifu ni mtaji. Kwa Nyachuol ulikuwa kamba, na kila aliposifiwa ilizidi kukaza.

Basi akafanya alilolifanya. Mwisho wa mgao wa tatu, yale magunia ya wasiotokea yalikuwa yamelazwa nje ya ghala, wapagazi wanayaingiza moja moja. Mmoja wa wapagazi alikuwa Duoth, rika la Koang. Walichanjwa alama za paji la uso siku moja, damu yao ilichuruzika kwenye shimo moja, na kwetu rika kama huyo humficha mwenzake hata kwa mama yake. Nyachuol akamwita kando.

"Duoth, mwanangu. Unaliona lile la mwisho?"

"Naliona, Mama."

"Lile ni la mwenye nyavu."

Duoth alitazama chini. Alielewa. "Hatalipokea, Mama. Akijua limetoka kwako, atalimwaga majini na yeye mwenyewe atalifuata."

"Ndiyo maana halitoki kwangu. Linatoka kwako. Ni sehemu yako, umegawana na rika lako. Mimi sikukuita, hukuniona."

"Na wakiniuliza hapa?"

"Wakikuuliza, sema mimi nilikupa. Ila ni la nani usiseme. Niapie."

Akaapa. Akalipachika kichwani akaondoka nalo. Nyachuol alilihesabu jambo lile kuwa halali: mtama wa Koang, jina la Koang, limekwenda kwa Koang. Aliiba nini? Alitembeza gunia mahali ambapo mwenyewe hakuweza kulifuata.

Lakini alisahau kitu kimoja, na ni kosa ambalo angelifanya mtu wa kwetu tu, mtu anayefikiria aibu mpaka anasahau undugu. Huwezi kubeba gunia juu ya tuta lililojaa ndugu zako. Duoth hakupiga hatua kumi kabla ya kusikia, "Mjomba, tumekuona!" Shangazi akaja na kibuyu. Mke wa kaka akaja na bakuli na watoto watatu wa ushahidi. Mzee mmoja aliyemsaidia baba yake Duoth mwaka wa ugomvi alijikongoja na kofia. Duoth aliwaambia si langu, wakacheka: la nani basi, na umelibeba wewe? Angesema la nani ndiyo kuvunja kiapo. Angekataa ndiyo kujifuta kwenye ukoo, na mtu aliyejifuta kwenye ukoo akifa hazikwi, anasukumwa majini. Akafungua kamba.

Alipofika kwa Koang, alikuwa na kiasi cha kujaza kata moja. "Rika," akamwambia, "leo nimepata, tugawane." Koang akapokea, kwa sababu kutoka kwa rika hakuna haya. Usiku ule mama yake na wadogo zake walikula uji mzito wa mtama. Asubuhi ulikuwa umekwisha.

Kukosekana kwa gunia kulionekana siku hiyo hiyo, na nusu ya Thorjiok walikuwa wameshuhudia Duoth akilibeba. Kamati iliitwa chini ya turubai la shule. Mwenyekiti alikuwa Mzee Biel, ndugu wa baba yake Koang. Waliokaa kushoto na kulia kwake wote walikuwa watu wa upande ule, watu waliochangia mahari. Watu wengine walijaa pembeni, maana siku hizi hatuna ng'ombe wa kuwatazama, tunatazamana.

Duoth aliulizwa kwanza.

"Nilipewa na Mama Tabitha. Aliniambia nibebe, nikabeba. Njiani ndugu wakala. Hata wewe Mzee Biel, wajukuu zako walikula."

Vicheko. Mzee Biel akakohoa. "Alikupa kwa ajili ya nani?"

"Alinipa mimi."

"Kwa nini wewe?"

Ndipo Nyakiir, jirani yake Nyachuol, mwanamke aliyekuwa akikitamani kile kizibao tangu siku ya kwanza, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Mnamuuliza kwa nini? Mjane wa miaka mingi, na kijana mwenye mgongo kama ule? Ninyi wazee mmezeeka kweli!"

Turubai zima likalipuka. Mwingine akadakia, "Kumbe Mama Gunia ana mgao wake wa usiku!" Mwingine tena, "Nami nije niweke kidole?" Nyachuol alikaa, mikono magotini. Wazee wa ukoo wa mkwewe walitazama pembeni, kwa sababu mama wa mke wa mtoto wao alikuwa anavuliwa nguo mbele yao.

Gatbel hakuelewa kicheko. Aliomba watu wanyamaze, akasogea, akachuchumaa mbele ya Nyachuol kama anayezungumza na mgonjwa. Alizungumza kwa muda, na Yien, safari hii bila tabasamu, akatafsiri.

"Anasema anakujua. Anasema kama ulimpa mtu mwenye njaa ambaye hakuweza kuja, umwambie ni nani tu. Atalielewa. Atalimaliza hapa hapa, na kazi yako utabaki nayo. Anasema, tafadhali, taja jina."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, na lilikuwa neno la kweli. Lakini lingetoka kinywani mwake likapita kwa Yien, likaanguka kwenye mapaja ya Mzee Biel na watu wote wale: Koang mwana wa ndugu yako hana samaki, hajapata kuwa nao, mama yake anawapigia kelele samaki wasiokuwepo, na mimi mama mkwe wake nimeyaona hayo yote. Koang angefanya nini kesho yake? Mwanamume ambaye mkwe wake amejua njaa yake na kuitangaza harudi kwenye nyumba ile. Angejiendea zake, kwenye kambi za mjini au kwenye bunduki za mtu, na Tabitha angezaa mtoto asiyekuwa na mlango wa kuingilia. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Upande mmoja jina lake yeye Nyachuol, upande wa pili nyumba ya binti yake.

"Mwambie," Nyachuol akasema, "hapa hakuna mwenye njaa."

Yien alimkodolea macho. "Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nilimpa Duoth kwa sababu nilitaka kumpa."

Gatbel aliposikia alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akainuka. Kizibao kilivuliwa pale pale. Viatu vya mpira alivivua mwenyewe bila kuambiwa, akavipanga pamoja, akarudi kwake miguu mitupu kwenye tope.

Duoth hakulala Thorjiok usiku ule. Alipata nafasi kwenye mtumbwi wa watu wanaokwenda mjini, akaondoka na kiapo chake. Ningemwita mwoga, lakini sijui mimi ningefanya nini.

Tabitha aliingia ndani na uso uliovimba kwa kulia. "Mama, wanasema maneno huko nje siwezi hata kuyarudia. Lile gunia lilikuwa la nani?"

"La Duoth."

"Mama."

"Umeuliza, nimekujibu."

"Mume wangu amekula mtama ule, unajua? Duoth alimpelekea. Sasa watu wanamwambia amelishwa malipo ya mpenzi wa mkwe wake. Anasema angetapika kama kingekuwepo cha kutapika." Akajifuta pua kwa kiganja. "Niambie si kweli. Niambie tu hivyo, nikamwambie."

Nyachuol alimtazama binti yake, akaona jinsi atakavyolichukua neno lolote atakalopewa na kulipeleka kitandani kwa mumewe lingali moto. Ndivyo mke mwema anavyofanya. Akajibu, "Nina usingizi." Tangu siku hiyo Tabitha alimpikia mama yake na kumpa mgongo.

Mshahara ulikatika, na sehemu ya mtama waliyopewa wafanyakazi ikakatika nao. Siku ya mgao uliofuata Nyachuol alijifunga kanga vizuri akaenda kupanga foleni kama watu wote, mkuu wa kaya ya watu wawili na mmoja aliye njiani. Mezani alikaa Nyakiir, kizibao kimembana kifuani. Waliokuwa karibu walimwachia Nyachuol nafasi kubwa mbele na nyuma, kama wanavyomwachia mwenye ukoma. Yeye alisimama. Aliyavumilia yote kwa ajili ya tumbo la binti yake, na kwa jambo jingine ambalo lilimpa nguvu kidogo: meza sasa haikuwa na mama mkwe wa mtu. Kama kijana yule ana akili, leo atakuja.

Akaja. Foleni ilikuwa inazunguka lile turubai kubwa, na Nyachuol alipofika kwenye kona aliona upande wa pili mtu mrefu amesimama nyuma kabisa, kanzu inamning'inia, mashavu yameingia ndani. Moyo wake ulishtuka kwa furaha, akashukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu akaona jinsi foleni inavyojipinda. Watu kumi wakisogea, yeye na Koang watakuwa uso kwa uso, wametenganishwa na urefu wa mkono. Kijana angemwona. Angetoka tena, angepiga kelele tena kwamba anapita tu, na safari hii hata hao samaki nani angewaamini?

Hakuwa na muda wa kufikiri. Alitoka kwenye foleni, akainama, akajibanza nyuma ya choo cha maturubai kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Inzi walikuwa wengi. Aliziba pua kwa ncha ya kanga, akasikiliza majina yakiitwa.

Muda si muda likaitwa la kwake.

"Nyachuol! Mkuu wa kaya, Nyachuol!"

"Alikuwa hapa sasa hivi," mtu alisema.

"Ameona haya, mwizi wa watu."

"Haya gani! Amechoka kusimama, kazoea kuletewa!"

"Nyachuol, mara ya tatu!" Nyakiir aliita akiivuta sauti kwa raha. Kisha akasema, "Hayupo. Rudisha."

"Msirudishe!" mwingine akapiga kelele. "Si mkwewe huyu hapa nyuma? Koang! Njoo umbebee mama mkwe gunia lake!"

Watu wote wakageuka kumtazama Koang. Nyachuol, nyuma ya turubai, alifumba macho. Alijua kijana amesimamishwa mahali ambapo mtu hukimbia au hujibu, na alimwomba Mungu ajibu, ajibu chochote, ila asitoke kwenye ile foleni.

"Mimi?" Koang alisema. "Mbona mnanitaka mimi? Mwiteni Duoth. Ndiye mpagazi wake."

Wakacheka mpaka Yien akaangusha karatasi zake. Na Koang mwenyewe, kwa kuona ameokoka, akacheka pamoja nao, kicheko kirefu chenye mikwaruzo mwishoni, huku foleni ikisogea naye akisogea nayo kuelekea mezani. Kijana wa ndoa changa hacheki anaposikiwa na mama mkwe wake, kwa hiyo Nyachuol hakuwa amepata kukisikia kicheko hicho hata siku moja. Kilikuwa kizuri. Alielewa sasa binti yake alimpendea nini.